Mume wangu ni rubani, na nyumbani hatumpi usingizi

Ssenga, shikamoo.

Nakuita Ssenga kama wakuitavyo wasomaji wako wote wa huku, ingawa kwetu Mombasa ningesema shangazi. Nimeolewa Uganda huu mwaka wa sita. Mume wangu ni Muganda. Kiswahili alikinolea Soroti, alipokuwa akisomea urubani pamoja na Watanzania na Wakenya, na ndicho tunachozungumza nyumbani. Tunakaa Entebbe, karibu na Kitoro. Miezi mitatu iliyopita Mungu alitujalia mapacha wa kiume, Wasswa na Kato. Sasa mimi ni Nnalongo, mama wa mapacha, na yeye ni Ssalongo, baba yao, na majina hayo yamekuja na furaha yake na mzigo wake.

Yeye ni rubani msaidizi wa ndege kubwa. Safari zake nyingi ni za usiku. Anaripoti kazini saa tatu usiku, ndege inaruka karibu saa tano, na wanatua Ulaya ikiwa kwetu ni saa moja asubuhi. Mbele wanakaa wawili tu, yeye na kapteni.

Juma lililopita alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda bila kuvua viatu. Nikamuuliza kuna nini. Akaniambia: "Tulikuwa tunashuka. Waongozaji wa ndege wakatuambia tushuke hadi futi 7,000. Nikaitikia kwenye redio, elfu saba, kwa kinywa changu mwenyewe. Mkono ukaweka 5,000 kwenye mtambo unaoendesha ndege. Kapteni akaushika mkono wangu, akarudisha namba, hakusema kitu." Akanyamaza, kisha akaongeza kwamba kabla ya hapo, juu ya jangwa, kuna dakika ambazo hazikumbuki, na anaapa kwamba macho yake yalikuwa wazi.

Ssenga, tangu siku hiyo mimi ndiye nisiyelala.

Nikitazama nyuma naona dalili nyingine. Alisahau siku ya chanjo ya watoto ambayo aliiandika mwenyewe ukutani. Aliacha jiko la gesi likiwaka akatoka. Juzi alinifokea kwa sababu ya chumvi, mtu ambaye katika miaka sita hajawahi kunipandishia sauti. Akiwa nyumbani halali zaidi ya saa tano, nazo ni vipande vipande, maana watoto wanaamka kwa zamu, mmoja akinyamaza mwenzake anaanza. Mchana wageni wanakuja kuwaona mapacha na wanataka kumwona baba yao. Fundi anayetujengea Kajjansi anapiga simu kila saa. Baa ya jirani nayo ina spika mbili.

Sasa Jumamosi hii ukoo unafanya sherehe ya mapacha kijijini, upande wa Masaka. Ngoma itakesha. Alfajiri tunaendesha gari kurudi Entebbe, na Jumapili usiku ana safari. Nilipomwambia mama mkwe kwamba baba watoto anahitaji kulala, alinijibu kwamba Ssalongo hawezi kukosekana kwenye ngoma ya mapacha wake, na kwamba wanaume wa ukoo huu hawajawahi kulelewa kama watoto. Mume wangu mwenyewe anasema kahawa itamtosha, ndege siku hizi zinajiendesha, na wako wawili. Kazini hataki kusema lolote kwa sababu mwaka huu majina ya watakaopandishwa kuwa makapteni yanaangaliwa, na tuna mkopo wa ujenzi. Ameniapisha nisimwambie mtu.

Je, ninaogopa bure? Kahawa na mitambo vinatosha? Niwapigie mabosi wake simu? Na mama mkwe nimwambie nini?

Nnalongo, Entebbe


Jibu la Ssenga

Marahaba, mwanangu Nnalongo. Hongera kwa Wasswa na Kato.

Naanza na jibu lenyewe, maana Jumapili haiko mbali. Akikesha kwenye ngoma Jumamosi, Jumapili usiku asiruke. Akitaka kuruka, asikeshe. Hakuna njia ya tatu, na kahawa si njia ya tatu. Huogopi bure.

Kabla ya kuandika safu hii nilikuwa muuguzi, na kwa miaka mingi nilifanya zamu za usiku. Usiku mmoja, kama saa kumi alfajiri, nilisoma dozi ya mtoto kwa sauti: nusu. Mwenzangu akaitikia: nusu. Kalamu yangu ikaandika tano. Nilikuwa nimesimama, nazungumza, macho makavu kabisa. Mwenzangu ndiye aliyeona. Kwa hiyo nilipofika pale kwenye barua yako ambapo mdomo ulisema 7,000 na mkono ukaweka 5,000, niliacha kusoma kwanza. Nalijua jambo lile. Si uzembe, wala mumeo si rubani mbaya. Ubongo uliochoka ndivyo unavyokosea.

Tukisema mtu amechoka, tunafikiria miguu na mgongo. Rubani amekaa kwenye kiti usiku kucha. Kinachochoka kwake ni ule uwezo wa kushika jambo kichwani kwa sekunde chache mpaka mkono ulitimize. Namba inasikika, inarudiwa vizuri, halafu inateleza kabla haijafika vidoleni. Umakini nao haupungui taratibu kama mafuta ya taa. Unakatika na kurudi, kama balbu yenye waya uliolegea. Ubongo unalala kwa sekunde kadhaa huku macho yamefumbuka, na mwenyewe hana habari. Zile dakika za jangwani ziko katika mlango huo.

Tena, aliyechoka hung'ang'ania. Akishapanga kutua atatua, hata kama kila alama mbele yake inamwambia apande juu, azunguke, aanze upya. Kubadili shauri ni kazi nzito ya akili, na akili iliyochoka huikwepa kazi nzito. Maneno pia hupungua: marubani wawili waliochoka huacha kusemeshana, ilhali kusemeshana ndiko kunakolinda ndege. Umeandika kwamba kapteni alirudisha namba asiseme kitu. Huenda alimstahi kijana. Lakini mimi nasikia kapteni ambaye naye alikuwa amechoka.

Chumvi, chanjo, jiko la gesi, yote hayo ni ugonjwa huo huo uliojitokeza jikoni. Msamehe ile ya chumvi.

Mzizi mmoja wa uchovu huu ni deni. Mwaka 2003 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio ambalo watu wazima wenye afya walilazwa saa 6 kila usiku, siku 14 mfululizo. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeharibika kama wa mtu aliyekesha, wengine kufikia kiwango cha mtu aliyekesha usiku mbili. Lakini walipoulizwa wanajisikiaje, walisema wana usingizi kidogo tu. Saa 6, Nnalongo, na zilikuwa za kulala moja kwa moja. Mumeo anapata 5 za vipande, miezi mitatu sasa. Akikuambia "niko sawa" hakudanganyi. Kile kiungo ambacho kingemwambia hayuko sawa ndicho kilichotangulia kuchoka.

Mzizi wa pili ni saa ya mwili, ambayo haijui sare wala mshahara. Kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili asubuhi joto la mwili hushuka na ubongo hudai kulala, hata kwa mtu aliyelala mchana. Wengi hudhani marubani wa safari ndefu wanasumbuliwa na tofauti ya majira kati ya nchi na nchi. Kutoka Entebbe hadi London tofauti ni saa mbili au tatu tu. Kinachomla mumeo ni usiku wenyewe. Anaruka saa tano, shimo la alfajiri linamkuta angani, na kutua, kazi inayotaka akili kuliko zote, kunamsubiri mwisho kabisa. Humo ndani hewa ni kavu na nyepesi kama ya mlimani, mfano wa kukaa Kabale au juu zaidi. Taa zimefifishwa, injini zinavuma sauti moja saa nane nzima. Hata aliyelala vizuri angepambana.

Mumeo anasema ndege zinajiendesha. Ni kweli mtambo unashika kimo na uelekeo vizuri kuliko mkono wa mtu. Lakini ukishauachia mtambo kazi ya kuendesha, kazi inayobaki kwa binadamu ni kuulinda: kukodoa macho kwenye saa na namba ambazo kwa muda mrefu hazibadiliki, ili siku zikibadilika azione. Muulize askari yeyote wa lindo. Kuangalia kitu kisichotokea ndiyo kazi ya kwanza kuangushwa na usingizi. Na ile 5,000, mtambo ungeitii kama ilivyo. Mtambo haujui kwamba mdomo ulisema kingine.

Na wawili? Tarehe 25 Januari 2024, ndege ya Batik Air ya Indonesia ilikuwa inatoka Kendari kwenda Jakarta ikiwa na abiria 153. Kapteni aliomba alale kidogo, mwenzake akabaki na ndege. Mwenzake naye akapitiwa. Kwa dakika 28 waongozaji wa ndege waliita bila kujibiwa, na ndege ikaacha njia yake, mpaka kapteni alipozinduka na kumwamsha mwenziwe. Walitua salama. Ripoti ya wachunguzi ilieleza kwamba rubani yule msaidizi alikuwa na mapacha wa mwezi mmoja nyumbani na alikuwa akimsaidia mke wake kuwaangalia usiku. Nimeusoma mkasa huo mara kadhaa, na leo nimeona barua yako.

Wengine hawakubahatika hivyo. Mei 2010 ndege ya Air India Express kutoka Dubai iliipita njia ya kutua pale Mangalore ikatumbukia bondeni. Kati ya watu 166 walipona 8. Kinasa sauti kilikuwa kimerekodi mkoromo wa kapteni, ambaye alilala zaidi ya saa moja na nusu na kuamka muda si mrefu kabla ya kushuka. Rubani msaidizi alimsihi aache kutua, wapande juu, hakusikia. Mtu aliyezindushwa kutoka usingizi mzito hubaki katika mang'amung'amu kwa dakika 15, 30, pengine zaidi. Anasema na kushika vitu, lakini akili haijamrudia.

Na sisi tuna msiba wetu. Tarehe 17 Oktoba 1988, Boeing 707 ya Uganda Airlines iliyokuwa ikitoka London Gatwick kuja Entebbe ilianguka Roma, kwenye ukungu, ikijaribu kutua kwa mara ya tatu. Walikuwamo watu 52; 33 wakafa. Wachunguzi wa Italia walisema sababu kuu ni maandalizi na ushirikiano hafifu wa marubani, kwamba waliendelea kushuka bila kuiona njia ya kutua. Lakini miongoni mwa mambo waliyodhani yalichangia waliutaja uchovu, uliotokana na kazi ya kabla ya Gatwick na majaribio mawili ya mwanzo. Nilikuwa msichana. Nakumbuka redio ikiwaka nyumba hadi nyumba, na watu wamesimama barazani bila kuongea.

Sasa kahawa. Usingizi ni mgeni anayebisha mlangoni. Kahawa inakuziba masikio usimsikie, lakini yuko pale pale. Inachukua kama nusu saa kufanya kazi, na baada ya saa tano hivi nusu yake ingali mwilini. Akiinywa saa saba usiku, kabla ya shimo, itamsaidia. Akiinywa alfajiri kisha ajaribu kulala hotelini saa tatu asubuhi, imemwibia usingizi anaouhitaji kwa safari ya kurudi. Na kwa kuwa nyumba yenye watoto wachanga haikosi mafua, nisisitize hili: asimeze Piriton siku ya kazi. Ile dawa inalaza, na ulegevu wake hubaki kichwani muda mrefu baada ya mtu kudhani umeisha. Dawa yoyote ya mafua amuulize daktari wa marubani kwanza. Wala waragi, pombe kali ya huku, si dawa ya usingizi. Unamlaza mtu upesi na kumwamsha usiku wa manane.

Kinachotibu usingizi ni usingizi. Shirika la NASA liliwahi kuwapa marubani wa safari ndefu nafasi ya dakika 40 za kulala vitini mwao, kwa zamu, ndege ikiwa juu. Walilala wastani wa dakika 26. Katika dakika 90 za mwisho wa safari, pamoja na kushuka, walisinzia mara chache mno kuliko wenzao walionyimwa nafasi hiyo. Kuna nchi, Kanada ikiwa moja, zinazoruhusu mapumziko hayo kwa masharti: mmoja tu kwa wakati mmoja, mwenzake ajue, mhudumu wa ndege apige simu mbele kila baada ya muda, na aliyelala aamshwe mapema ili mang'amung'amu yamtoke kabla ya kushuka. Marekani hairuhusu. Aulize kitabu cha kazi cha kwao kinasemaje. Kulala kwa mpango na kupitiwa na usingizi ni mambo mawili mbalimbali kabisa.

Tuje kwenye hesabu, na hapa ndipo ninapotaka ukae kitako, kwa sababu aliyechoka hawezi kujipima kwa kujisikiliza. Itabidi apimwe kwa saa alizolala. Wataalamu wa usingizi wana kipimo chepesi. Kabla ya kuanza kazi, mtu awe amelala angalau saa 5 katika saa 24 zilizopita, na angalau 12 katika saa 48 zilizopita. Kisha, muda atakaokuwa macho tangu alipoamka hadi mwisho wa kazi usizidi jumla ya saa alizolala katika zile 48.

Chukua daftari. Akikesha Jumamosi, mkaondoka Masaka alfajiri, akaingia kitandani Entebbe saa nne asubuhi na kuamka saa nane mchana, amepata 4. Kipimo cha kwanza kimekataa. Ongeza 5 za Ijumaa usiku, jumla 9. Cha pili kimekataa. Kuanzia saa nane mchana hadi kutua saa moja asubuhi ni saa 17 macho, dhidi ya 9 za kulala. Cha tatu kimekataa vibaya. Na hizo 17 zina habari yake: mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi za umakini kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu, kiwango ambacho nchi nyingi hazimruhusu dereva kukivuka. Mumeo hawezi kwenda kazini amekunywa hata chupa moja. Kwa usingizi tunamruhusu kwa sababu haunuki.

Piga sasa hesabu ya pili. Ijumaa analala zile 5. Jumamosi anakwenda kijijini asubuhi, anakuwa kwenye sherehe mchana, saa tisa anaondoka, na anayeendesha gari si yeye. Saa nne usiku yuko kitandani Entebbe hadi saa kumi na mbili asubuhi: 8. Jumapili analala tena kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi, wakati ambao mwili wenyewe hulegea: 2. Katika saa 24 ana 10, katika 48 ana 15, na kutoka saa kumi jioni hadi saa moja asubuhi ni 15. Amepita kwa unene wa uzi. Ukiweza kumwongezea Ijumaa, mwongezee.

Usiku wa Ijumaa na wa Jumamosi asilale chumba kimoja na watoto. Najua unavyochoka wewe, nami sikutwishi peke yako. Mlete dada yako au msichana wa kusaidia kwa siku hizo mbili, au yeye akalale kwa ndugu aliye mtaa wa mbali na ile baa. Siku zake za mapumziko ashike zamu yake ya watoto, asije akadhani urubani umemwondolea ubaba. Dirishani pazia zito, ndani ya neti feni iwake kwa kuwa mvumo wake unafunika kelele. Fundi wa Kajjansi apewe namba yako. Wageni wa mapacha waambiwe siku na saa. Na akirudi kutoka safari ya usiku asishike usukani. Wako marubani walioileta ndege salama kisha wakasinzia barabarani.

Mama mkwe usimkabili peke yako, wala usimwambie habari za jangwani. Mumeo ana ssenga wake. Mtafuteni huyo, kazi hii ni yake. Tarehe hii ilipangwa na watu, na watu wakiketi wataona kipi cha Ssalongo kinaweza kufanywa mchana. Maneno yatoke kinywani mwa mumeo: "Mama, Jumapili usiku nabeba watu zaidi ya 200, nao wana mama zao." Mwanamke aliyelea anaelewa sentensi hiyo. Akikataa hata hivyo, mumeo aamue kama mwanamume mwenye nyumba yake, nawe simama naye.

Kazini. Usiwapigie simu mabosi leo. Jambo hili ni lake kulisema, na ukitangulia kumpita atakuficha la pili. Lakini ajue kwamba sheria iko upande wake kuliko anavyodhani. ICAO, chombo cha Umoja wa Mataifa cha usafiri wa anga, inazitaka nchi ziweke mipaka ya saa za kazi na za kupumzika, na hapa msimamizi ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uganda. Marekani, baada ya ajali ya karibu na Buffalo mwaka 2009 iliyoua watu 50, kanuni mpya zilizoanza Januari 2014 zinamtaka kila rubani wa mashirika ya ndege za abiria athibitishe kabla ya safari kwamba yuko timamu, na zinamkataza mwajiri kumrusha aliyesema hayuko. Wajibu ni wa pande mbili: mwajiri apange ratiba inayolalika, rubani aseme ukweli.

Aandike taarifa mbili. Ya kwanza ni ya lile tukio la futi 5,000, kwa ofisi ya usalama, na ikiwezekana waiandike pamoja na kapteni. Taarifa moja ni malalamiko ya mtu. Safari ile ile ikitajwa na marubani kumi, anayepanga ratiba analazimika kuitazama, pengine aongeze rubani wa tatu. Ya pili aiandike siku yoyote hesabu inapokataa, na asiandike "najisikia kuchoka", maana hilo ni rahisi kulipuuza. Aandike saa: nimelala 4 katika 24, 9 katika 48, nitatua nikiwa macho saa 17. Namba hizo hazibishaniwi.

Anaogopa kukosa ukapteni. Ninaielewa hofu hiyo na siidharau, mkopo ni mkopo. Lakini ukapteni wenyewe ni kujua lini ndege haitaondoka.

Kiapo ulichokula ni cha kutunza siri ya mumeo, nacho kitunze kwa majirani na mawifi. Hakikufungi kuwaacha watu 200 wapande wasichokijua. Mwambie mapema, kwa upole, wakati mmekaa na hakuna anayekimbilia kazi: "Hesabu ikikataa na nikakuona unavaa sare, nitapiga simu." Akijua utapiga, naamini hutahitaji kupiga. Ikibidi, piga.

Jumapili saa nane mchana Wasswa na Kato wawe kwa jirani. Simu yake ikae kwako, imezimwa sauti, na mlangoni akibisha mtu, hata awe mimi, mwambie Ssalongo amelala.